Meza ya Mubanga Isiyopita Langoni

Mume wa mama yangu aliponiambia anataka meza na mabenchi ya kukalia nje, tena ya mti wa mubanga, nilifikiri homa imempanda kichwani. Akae nje na nani? Alikuwa anakohoa tangu mvua za mwisho, wageni aliwachoka zamani, na jua likianza kushuka tu alikuwa wa kwanza kuingia ndani kujifunika blanketi. Isitoshe, mabenchi ya nje ndiyo kazi yangu. Ninawatengenezea wenye baa na mahoteli hapa Kolwezi, na kwa miaka yote aliyoishi na mama hakuwahi kuniagiza hata kigoda.

Nilimwita Tata, kama tunavyomwita kila mwanamume wa kuheshimiwa, ingawa hakunizaa. Baba yangu alikufa ningali mdogo. Tata alikuja baadaye: mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kwanza, karani wa depo ya mgodi, mikono laini kama ya padri. Hawakupata mtoto pamoja. Nyumba ilikuwa ya mama, aliachiwa na mama yake mzazi, kwa hiyo kuta hazikuwa na ubishi. Vilivyokuwa ndani ya kuta ndivyo vilivyonikosesha usingizi.

Kwetu mwanamume akifa, ndugu zake wanakuja. Wanalia, na machozi yao ni ya kweli, sitaki kuwasingizia. Matanga yakiisha wanaanza kubeba. Mjane aliyezaa na marehemu anaweza kuachiwa hiki na kile kwa ajili ya watoto. Asiyezaa naye anaachiwa misumari ya ukutani. Sheria inasema vingine, na redio inaisoma hiyo sheria kila mara, ila lori likishaegeshwa mlangoni halina habari na redio. Ndugu za Tata hawakuwahi kumpenda mama. Walimwita "yule wa Kolwezi" mbele yake, kana kwamba ni mzigo uliosahaulika stesheni. Na mama alikuwa anaishi kwa friji lake kubwa la kugandisha, akiuza maji baridi na samaki. Friji likienda, mama anakwenda nalo. Hilo nililijua mimi, alilijua mama, na nilidhani Tata pia analijua.

Nilikuwa nimejaribu. Siku moja nilimkuta peke yake, nikamwambia tuhamishe friji na kitanda kipya tuviweke kwangu, taratibu, bila kelele. Alikohoa, akanigeukia.

"Mutoto yangu, unataka kunizika na macho wazi?"

"Hapana, tata. Njo minafikiri tu juu ya mama."

"Basi fikiri muzuri. Bitu bikianza kutoka mu nyumba na mwenye nyumba iko mugonjwa, batu batasema nini? Batasema bibi alijua siku. Na kama alijua siku, ni yeye alimuua."

Alisema kweli, na ndiyo sababu nilikasirika. Hapa mtaani watu wanahesabu kila kinachotoka katika ua wa jirani kuliko wanavyohesabu watoto wao. Friji lingefika kwangu kabla ya saa sita, na habari zingefika kaskazini kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo tulikaa mikono mitupu, na yeye anakohoa.

Halafu, katikati ya hayo yote, meza! Nilishindwa kuelewa. Ninahangaika jinsi ya kupunguza vitu vya kubebwa, na mwenyewe anataka kuongeza. Ndugu zake wangeimba zaburi wakiipandisha meza yangu kwenye lori.

"Ya kukalia na nani, tata?" nilimuuliza.

"Na mama yako."

"Batu babili? Na unataka meza ya batu kumi?"

"Mama yako anakaaka muzuri. Anapendaka kunyoosha miguu."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilienda kutafuta mbao.

Mubanga si mti wa mtu mwenye haraka. Ninaununua kwa wachuuzi wanaoleta magogo kutoka upande wa Mutshatsha, na hata wao wanaupakua kwa matusi. Ubao wake ukiutupa mtoni unakwenda chini moja kwa moja. Msumeno unalia, mbao inatoa harufu ya kuungua, patasi uliyoinoa asubuhi, ikifika saa nne imekuwa kijiko. Lakini ukishautengeneza, mvua haiufanyi kitu, mchwa anaupita kama hajauona, na rangi yake ya kahawia inazidi kukolea jinsi unavyopigwa na jua. Wenye mahoteli wanaupenda kwa sababu hiyo. Mimi ninawapunguzia unene ili wahudumu waweze kuvisogeza viti wakati wa kufagia.

Tata hakutaka kupunguziwa. Nilipomletea mbao za kawaida alizigusa kwa kidole, akakunja uso.

"Hii ni ya mutoto. Ongeza unene."

"Tata, itakuwa nzito sana. Mukitaka kuisogeza kwa kivuli?"

"Kivuli njo itasogea."

Kichwa kilianza kunizunguka. Siku ya pili akasema hataki meza kando na mabenchi kando. Anataka vishikamane viwe kitu kimoja. Sawa, hilo nimelifanya kwenye mabaa mengi, linazuia wezi. Siku iliyofuata akasema hataki nijengee kwenye karakana yangu ya barabarani, pale malori ya kwenda Fungurume yanapopanga foleni. Nijengee uani kwake, pembeni ya jiko. Sawa, mgonjwa anataka kuona watu. Halafu akashika futi yangu, yeye ambaye sikuwahi kumwona ameshika hata nyundo, akajikokota mpaka langoni, akapima upana wa lango. Akarudi, akapima mbao zangu.

"Ongeza urefu. Na upana pia."

"Tata, nikiongeza, haitapita langoni."

"Iko na safari?"

"Hapana, lakini..."

"Meza inatembeaka, weye?"

Nilicheka, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Nilimfuata mama alikokuwa anapika sombe, majani ya muhogo, nikamnong'oneza kwamba Tata ameanza kupotea, amepima lango na bado anataka kitu kisichopita. Mama hakuinua macho kwenye sufuria.

"Mupe ile anataka," alisema.

"Mama, haiko na maana."

"Mi nilikuuliza maana?"

Basi. Nilifanya kazi nikiwa na hasira, na ninakiri kwamba kazi ya hasira wakati mwingine inatoka nzuri. Nilinyoosha kila ubao. Vumbi la mubanga linawasha pua, nilipiga chafya mpaka vijana wa nyumba ya jirani, wanaochimba madini Mutoshi, wakaanza kunihesabia na kushangilia. Tata alikaa kwenye kiti cha plastiki amefungwa shali ya mama, akinitazama kwa makini ya mtu anayekagua mzigo wa depo. Mara nyingine nilimwona anatabasamu, nikazidi kuchanganyikiwa. Mgonjwa gani huyu anayefurahia mbao?

Tulipofika kwenye maungio ndipo tuligombana. Meza ya nje ninaifunga kwa bolti. Ubao ukipasuka unafungua, unabadilisha, unafunga tena. Nilikuwa nimekwisha nunua bolti nzuri, ndefu, zisizoshika kutu. Alizitazama kama mtu aliyeletewa supu yenye nywele.

"Hapana. Kila kitu ya kufunguka sitaki."

"Tata, hata maungio ya ulimi na tundu, mimi ninaweza kuyafungua. Ninatoa kijiti, ninagonga, inatoka."

"Hakuna namna ya kufunga weye mwenyewe ushindwe?"

Namna ipo. Mzee aliyenifundisha kazi alitufundisha mara moja tu, kisha akatukataza kuitumia. Unachana ncha ya ulimi wa mbao, unaingiza kabari ndogo kwenye mchano, halafu unaupigilia ulimi ndani ya tundu lisilotokea upande wa pili. Kabari inagonga mwisho wa tundu, inarudi ndani, inautanua ulimi humo gizani. Ukishaingia umeingia. Hakuna fundi atakayeutoa, hata wewe uliyeupigilia. Ukitaka kuutoa lazima uharibu mbao. Alitukataza kwa sababu kitu kisichofunguka hakitengenezeki.

Nilimweleza Tata haya yote nikidhani nitamwogopesha. Alipiga makofi mawili madogo, akakohoa, akafuta midomo.

"Ile! Ile njo minataka."

"Ikipasuka je?"

"Ikipasuka itapasuka."

"Tata, mimi nitaona haya. Watu watasema fundi gani huyu."

"Nani atasema? Mi sitasema," akajibu, na hapo nikaokota nyundo, maana wote wawili tulijua hatakuwepo.

Nikapigilia kabari zote. Kila pigo nililisikia kifuani, kwa sababu kila pigo lilikuwa halirudi. Siku ile kazi ilipokwisha, nilijifuta jasho na kusubiri asante. Badala yake akaniambia niwaite vijana wa Mutoshi waje waibebe.

"Waipeleke wapi?"

"Hapa na pale. Nione."

Walikuja wanne, vifua wazi, wakitaniana. Wanabeba mifuko ya mawe kutoka shimoni kila siku, meza kwao ilikuwa mchezo wa mchana. Walishika pembe, wakahesabu kwa sauti, wakainyanyua wakitetemeka na kwenda nayo hatua chache mpaka kwenye ukuta wa jiko. Mimi nilijivuna: meza haikutoa hata mlio. Nikageuka kumtazama Tata nikakuta uso umemwanguka kabisa, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Banaibeba," alisema kwa sauti ya chini.

"Tata, hawa ni wachimbaji! Nani mwingine ataibeba?"

"Ongeza mbao."

Nilitaka kutupa futi na kwenda zangu. Mama alitokea mlangoni, akanitazama tu, nikarudi kwa wachuuzi wa magogo. Nikaleta mihimili miwili ya kupita chini ya meza, minene kuliko paja langu, isiyokuwa na kazi yoyote duniani. Meza haikuihitaji. Ilikuwa aibu kwa jicho la fundi, sawa na kumvalisha mtu makoti matatu. Niliipigilia kwa kabari zilezile, midomo nimeikaza.

Vijana walirudi. Safari hii walihesabu, wakavuta, mishipa ya shingo ikawatoka, upande mmoja ukainuka kiganja kimoja na kurudi chini kwa kishindo. Waliangukiana wakicheka. Mmoja akasema hiyo si meza, ni kaburi la tembo. Tata alicheka mpaka kikohozi kikamshika, tukalazimika kumlaza. Kitandani alinishika mkono.

"Asante, mutoto yangu. Sasa napumuzika."

Nilirudi nyumbani sijui kama nifurahi au niende kumtafuta daktari wa vichwa.

Alifariki msimu wa baridi, wakati vumbi la barabara linafika mpaka kwenye sukari. Alikuwa amekaa kwenye ile meza mara chache tu, asubuhi, jua likiwa la kuvumilika, mama upande wa pili amenyoosha miguu. Hawakuwa wakizungumza sana.

Ndugu zake walifika kutoka kaskazini na mkubwa wao mbele, mzee mwenye kofia, sauti ya upole. Tulilala nje kwenye matanga, moto katikati, wanaume kwenye viti vya kukodi, mama chini kwenye mkeka kati ya wanawake, kitambaa kichwani, kama inavyompasa mjane. Kwenye meza yangu waliweka mabakuli ya chakula. Watu waliisifu. Nilisikia sifa zile na roho ikaniuma, maana nilijua kila anayesifu anapima kwa macho.

Matanga yalipoisha, mkubwa alimwinamia mama pale mkekani.

"Mama, hatukufukuze. Nyumba ni yako. Tunabeba tu bya mudogo wetu."

Lori lilirudi kinyumenyume mpaka langoni. Wakatoa viti vya sebuleni, wakatoa televisheni, kitanda, godoro, redio, hata neti ya mbu. Friji lilitoka na samaki ndani. Mama alinyanyua mkono kama anayetaka kusema jambo, akaurudisha mapajani. Mimi nilisimama kando ya jiko. Ningepigana na nani? Kusema kweli ninawaogopa wazee. Nikiwa mbele ya mtu mwenye mvi ninakuwa mtoto wa shule, na Tata alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mwishowe mzee mwenye kofia akaja kwenye meza. Akaizunguka, akapapasa pembe zake, akaona mwenyewe kwamba haipiti langoni.

"Weye njo ulitengeneza?"

"Ndiyo, tata mukubwa."

"Basi fungula. Tutapakia vipande."

Wote waliniangalia. Nilipiga magoti, nikaingia chini ya meza, sijui nilitafuta nini. Mbele ya macho yangu palikuwa na maungio yangu, yamebana kiasi kwamba hata ukucha haukupenya. Na hapo, nikiwa nimeinamia mihimili ile ya upuuzi, nilielewa. Nilibaki chini kule muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilipotoka, nilijipangusa vumbi magotini.

"Haifunguke, tata mukubwa."

"Juu ya nini haifunguke?"

"Haiko na vise, haiko na bolti hata moja. Iko na kabari ndani. Hata mi mwenyewe siwezi."

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya Mungu."

Niliapa nikimtazama usoni, na sauti haikunikatika, kwa sababu haikuwa na uongo hata chembe. Kama kungekuwa na bolti moja tu, ningeifungua. Ninajijua. Ningeomba spana, ningemsaidia kupakia, kisha ningelia njia nzima.

Walijaribu kuinyanyua hata hivyo, wakifikiria kuipitisha juu ya ukuta. Walikuwa sita. Upande mmoja uliinuka, ukarudi. Kijana wao akauliza kama kuna msumeno, mzee akamwambia wakiikata itakuwa kuni, na kuni kwao zipo. Akakaa kwenye benchi kupumzika, akapitisha kiganja juu ya mbao.

"Mbao muzuri," alisema. Kisha akaamka, akavaa kofia vizuri, wakaenda.

Nilikuwa na mambo mawili yanayogombana kifuani. Moja lilisema: alikulinda, alijua utaulizwa, akakuachia jibu la kweli. Lingine likasema: hakukuamini, alikufunga nje pamoja nao, mpaka kazi ya mikono yako mwenyewe usiweze kuigusa. Mpaka leo sijui ni lipi, na siku nyingine ninafikiri ni yote mawili. Meza bado ipo palepale. Vijana wa Mutoshi wanakuja kula bukari, ugali wetu, na samaki wa mama juu yake, ndiyo biashara yake sasa. Lakini mchana ule kulikuwa na mimi na mama tu.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua."

"Na hukuniambia?"

"Ungeogopa. Ungefanya ile kazi na kuogopa."

Nikamwambia Tata alikuwa na akili ya ajabu, karani wa depo, aliwezaje kujua uzito ambao watu sita wanashindwa. Mama alitengeneza kitambaa kichwani.

"Alikuwa anajua sababu yeye mwenyewe alibebaka bitu bya mujane," alisema. "Kaka yao mukubwa wa kwanza alipokufaka, balienda yeye na hawa-hawa. Balimaliza nyumba yote. Bakabakisha kiti moja, na bibi ya marehemu alikuwa anaikalia. Bandugu bakamutuma yeye aibebe. Alifika pale, akamwambia: simama kidogo, mama."

"Na yule mama?"

"Alisimama."

Mama aliinuka kutoka mkekani polepole, akaja, akakaa kwenye benchi, akanyoosha miguu. Ndipo nililia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Sijui kama nilikuwa ninamlilia Tata, au yule mama aliyeambiwa asimame.